Miezi Kumi Isiyo na Namba

Watu wa Velim, mji wetu mdogo huku Nebraska, wakikwambia kwamba Lumir Kubicek alikuwa mcheza kamari, wakatalie. Mimi nimeuza tiketi dirisha la sita la uwanja wetu wa mbio za farasi kwa miaka thelathini na moja, na wacheza kamari nawajua hata nikifumba macho. Mcheza kamari huja dirishani jasho linamtoka, anataja namba ya farasi kama anamtaja mchumba, na akikosa anakutukana wewe uliyemuuzia. Lumir alikuja na dola zake mbili amezikunja, akataja namba, akasema, "Asante, Bernadine," akaenda kusimama kwenye uzio karibu na nguzo ya robo maili. Akipata, uso ule ule. Akikosa, uso ule ule. Kuna siku nilitamani nimzabe kofi nione kama atapepesa jicho.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima. Wiki nzima yuko mashambani, mikono imejaa grisi, anafufua pampu za watu. Lakini jina hakulipata kwa pampu. Jina alilipata kwa karatasi yake. Kila siku ya mbio alitoa kopi mia mbili za karatasi moja, iliyoandikwa kwa mkono, akaiuza dola moja getini, na watu walikuwa wakipanga foleni kuinunua kabla hawajanunua hata kahawa. Walikuja mpaka watu wa Kansas.

Mle ndani kulikuwa na nini? Mwendo tu. Sisi wengine tukitazama mbio tunatazama mwisho: nani kafika kwanza, basi. Lumir mwisho haukumshughulisha sana. Alitaka kujua robo maili ya kwanza imekimbiwa kwa sekunde ngapi, nusu maili kwa sekunde ngapi, nani alimsukuma nani, na bendera ya juu ya ghala la nafaka ilikuwa inapepea kuelekea wapi. Alikuwa akiniambia kwamba farasi ana pumzi ya kiasi, kama unga uliobaki kwenye debe. Ukiupika wote asubuhi, jioni utalala na njaa. Kwa hiyo kila farasi alimpa herufi yake: M kwa wale wasiojua kukimbia ila mbele, K kwa wa katikati, N kwa wanaokaa nyuma wakingoja wenzao wachoke. Halafu anawahesabu akina M. Akiwa mmoja peke yake, huyo ataongoza bila bughudha, atajipimia pumzi yake, na hakuna wa kumkamata. Wakiwa watatu, watagombania uongozi mpaka wamalizane, na N mmoja atapita pembeni aokote ushindi. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Haya, kaifanye wewe!

Mke wake, Adeline, alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Rosalie. Lumir hakujua kusuka nywele wala kuuliza mtoto kaamkaje. Alichojua ni mwendo, basi akampa huo. Alimpandisha juu ya farasi mdogo, akamkimbiza kwenye barabara ya vumbi kutoka sanduku la barua la akina Novotny mpaka la kwao, yeye kasimama na saa ya kupimia mkononi. Sharti lilikuwa moja: Rosalie ataje sekunde kabla baba yake hajasoma saa. "Kumi na tatu na nusu!" anapaza sauti. Lumir anatazama saa, anaitikia kwa kichwa mara moja. Ndiyo hongera yenyewe hiyo. Alipofika miaka kumi na miwili, mtoto yule alikuwa na saa kichwani, hakosei. Nimeshuhudia kwa macho yangu, na nilikwenda pale kupeleka mayai tu.

Alipotimiza ishirini akapata leseni ya kupanda farasi uwanjani kwetu. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Mwezi wa nne wa kazi yake, mzee Novotny akampa jike mwekundu aitwaye Vesela. Asubuhi ile Rosalie alimpita baba yake getini, kabeba tandiko, anacheka.

"Baba, leo si utaniwekea mbili zako?"

Lumir akajikuna shingo. Karatasi ilikuwa imeshatoka, na imeandikwa hivi, sijasahau hata nukta: *Namba 3, M. Robo ya kwanza ataikimbia kupita pumzi yake. Mpandaji hajui kusubiri. Mtupeni, msimwekee hela.*

Mshenzi mmoja akaibandika ukutani kwenye chumba cha wapanda farasi. Wakamcheka mpaka basi. "Rosalie, mzee wako kakutupa! Kakutupa kwenye karatasi yake!" Binti akatoka pale damu imemchemka, akamchapua Vesela tangu geti lilipofunguka, akaongoza mpaka zimebaki hatua chache, akakamatwa, akawa wa tatu. Sawasawa na karatasi.

Alipokuja huku mbele, mavazi ya mbio yamejaa udongo, alimkuta baba yake dirishani kwangu. Amekuja kuchukua hela ya farasi aliyeshinda. Na tiketi ile nilimuuzia mimi, kwa vidole hivi hivi.

"Umecheza kinyume na mimi," Rosalie akasema.

"Nimecheza mbio, mwanangu."

"Umeandika kwamba sijui kusubiri. Mbele ya watu wote!"

Lumir akamtazama. "Kwani ulisubiri?"

Loo! Foleni nzima ikatugeukia. Nilimkazia macho, nikamkonyeza, nikakohoa. Neno moja tu lilihitajika, pole, basi. Yeye akazikunja hela zake akasema, "Namba hazijui nani ni mtoto wa nani."

"Basi ishi nazo," Rosalie akamjibu.

Jumatano yake akapanda lori la farasi linalokwenda New Mexico. Hakuaga, hata kwangu mimi niliyemlisha tangu ana meno ya utoto.

Sasa hapo ndipo nilipomjua Lumir vizuri, na natamani nisingemjua hivyo, maana iliniuma. Alijiandikisha kuletewa gazeti la mbio la kule kusini. Lilifika kwa posta siku nne baadaye, na ndani yake kila mbio imeandikwa: nani kapanda nani, robo kwa sekunde ngapi, nusu kwa sekunde ngapi. Akawa anazikopi mbio za Rosalie kwenye kadi ndogo, moja moja. Kadi za farasi alikuwa akizitupa baada ya miaka mitatu. Za Rosalie hakutupa hata moja. Zilijaza masanduku manne ya viatu.

Kila Jumanne alikuja kula kwangu, matonge ya unga na kabichi chachu, kwa sababu mimi ni mjane na yeye ni mjane, na mtu akila peke yake anazoea vibaya. Si zaidi ya hapo. Mnaoinua nyusi, zishusheni. Basi kabla hajagusa kijiko angeniambia, "Jumamosi Rosalie alikuwa na hasira."

"Umejuaje?"

"Robo ya kwanza, sekunde ishirini na mbili kamili, na udongo umeloa. Hakuna mtu anakwenda hivyo kama hajagombana na mtu."

Wiki nyingine: "Alikuwa amechoka. Farasi alitaka kwenda, yeye akamwacha tu." Wiki nyingine: "Alikuwa na furaha. Tazama hii nusu maili, Bernadine, tazama ilivyonyooka." Mimi natazama, naona tarakimu. Yeye anaona mtoto wake.

"Lumir wewe," nikamwambia, "si umpigie simu?"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie habari ya asubuhi! Mwambie mbwa kafa! Watu huwa wanaambiana nini?"

Akamaliza matonge yake. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu wa namna ile. "Sauti yake imeanza kunipotea. Namba zake ninazo zote. Ila nikitaka kuisikia sauti kichwani, inakuja ya Adeline. Ningependa kuisikia tena kabla sijafa, hata akinitukana." Nikainuka nikaenda kuosha sahani ambazo hazijachafuka.

Mwezi wa pili wa mwaka wa themanini na saba, Rosalie akatoweka gazetini. Wiki moja, wiki mbili, mwezi. Lumir alilipekua gazeti mpaka lilikuwa linamchanikia mikononi. Ukimwambia mtu wa kawaida kwamba binti yake haonekani kazini, atawaza mambo hamsini. Huyu wangu aliwaza kama wanavyowaza wote wanaoishi kwa kusoma rekodi za farasi. Farasi akitoweka miezi mingi, ni mguu.

"Mguu," akasema. "Amevunjika mguu."

"Labda kaolewa. Labda kapata kazi ya maana."

"Mguu, Bernadine."

Akaenda kanisani akamlipa padri misa tatu kwa ajili ya mguu wa Rosalie. Halafu akafunga kifurushi cha kupeleka uwanja wa kule New Mexico: bandeji ndefu, na kopo la ile dawa ya kijani ya kuchulia miguu ya farasi, inayonuka mpaka inatoa machozi. Akatia na kipande cha karatasi. Nilikisoma kabla hajafunga. *Usirudi mapema. L. Kubicek.* L. Kubicek! Kama anampelekea mteja risiti ya pampu! Nikamwambia aongeze hata neno la mapenzi. Akasema nafasi imekwisha, na karatasi ile ilikuwa tupu nusu nzima.

Jibu halikuja. Mwezi wa kumi na mbili jina likarudi gazetini, wiki ya kwanza farasi wawili, wiki ya pili wanne. "Umeona?" akaniambia, na siku hiyo alikula sahani mbili. "Hivyo ndivyo anavyorudi aliyepona. Polepole." Kwenye sanduku la viatu akaacha kadi moja nyeupe mahali pa ile miezi kumi, haina namba hata moja.

Miaka ikaenda. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuzoea. Ndipo Agosti ya tisini na nne Lumir akaja kwangu siku ambayo si Jumanne, hajavua hata viatu vya kazi, kashika orodha ya farasi walioandikishwa kwa mbio kubwa ya kufunga msimu, Jumatatu ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo kwetu huwa mwanzoni mwa Septemba.

"Anakuja," akasema.

Mkufunzi wa New Mexico alikuwa anamleta jike wake, Pecos Vera, na mpandaji ni R. Kubicek. Hakubadilisha jina! Nilipiga kelele nikamkumbatia, akasimama kama nguzo ya simu ikikumbatiwa.

Jumapili alasiri nikaenda kwake na sinia la mikate ya mbegu za popi. Nikamkuta mezani, karatasi ya kesho imekamilika, isipokuwa mbio ya nane. Ya nane ndiyo ya Rosalie.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

Akanionyesha kwa penseli. "Namba moja, M. Namba nne, Rosalie, M. Namba sita, M. Watatu, Bernadine. Hakuna hata mmoja anayejua kukaa nyuma. Watakwenda robo ya kwanza chini ya sekunde ishirini na mbili, na wote watatu watakufa pumzi kabla ya kona ya mwisho. Namba mbili, Old Tobias, anatoka nyuma. Atashinda."

"Kwa hiyo utamwandika tena kwamba atakufa?"

Akaendelea kupiga mstari chini ya namba nne.

"Mwanao anarudi baada ya miaka kumi na moja, na kitu cha kwanza atakachosoma ni baba yake anamtupa mara ya pili? Andika uongo, Lumir! Mara moja tu! Mungu atatazama pembeni."

"Rosalie namba anazijua. Nimemfundisha mimi. Akikuta nimeandika kwamba atashinda, atajua nimemhurumia." Akaweka penseli chini. "Huruma ataichukia kuliko karatasi ile ya kwanza."

"Basi usiandike kitu. Iache tupu."

"Hapo atasema nimeogopa."

Haki ya Mungu, alikuwa sahihi, na ndicho kilichoniudhi. Kila njia ilikuwa imezibwa, na aliyeziziba ni yeye mwenyewe. Akachukua penseli, akaandika mbele yangu. *Namba 4, M. Akigombana na 1 na 6, watakufa pamoja. Mpandaji huenda mbele: mara 212 kati ya 240 za mwisho. Namba 2.* Nikabeba sinia langu la mikate nikarudi nalo nyumbani, sikumwachia hata kipande.

Jumatatu uwanja ulifurika. Moshi wa soseji, watoto wanalia, wazee na miwani yao wamebandika pua kwenye karatasi ya Lumir. Mbio ya nane ilipokaribia, nyuso zote dirishani kwangu zilikuwa zinasema kitu kimoja: namba mbili, namba mbili, mama, nipe namba mbili. Sikumwona Rosalie ila kwa mbali, kofia ya njano juu ya jike wa kijivu.

Dakika mbili kabla geti la mbio halijafunguka, Lumir akafika mbele yangu. Ilikuwa desturi yake, kila mtu anaijua: anachokiandika ndicho anachokicheza. Hajawahi kuwaambia watu hiki akacheza kile. Akaweka dola mbili kwenye kaunta.

"Ipi?" nikamwuliza, na sikumpa hata salamu.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mzee Kubicek, vipi? Umesahau kuhesabu?" mtu wa nyuma yake akasema, watu wakacheka.

"Mbili," nikamsaidia. "Sema mbili, twende."

Akatikisa kichwa.

"Nne basi?"

Akatikisa kichwa tena. Mikono yake ile mikubwa ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta, vidole vimekuwa vyeupe. Foleni ikaanza kupiga kelele. "Ebo! Mzee, toka, mbio zinaanza! Sisi tuna familia!" Mwingine akamsukuma bega. Hakusogea, hakusema, mpaka kengele ikalia na mashine yangu ikajifunga yenyewe. Watu kumi na wawili walikosa tiketi kwa ajili yake, na matusi waliyomporomoshea siwezi kuyaandika nikabaki Mkatoliki. Yeye akabaki amesimama pale pale. Mbio ile aliitazamia kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya dirisha langu.

Geti likafunguka. Namba moja na namba sita wakafyatuka wakiwa sambamba, na mimi nikatafuta kofia ya njano kati yao. Haikuwepo. Nikaitafuta nyuma yao, haikuwepo. Ilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya wote wanane, nyuma hata ya Old Tobias, na Rosalie amekaa juu ya farasi wake ametulia kama yuko kwenye benchi la kanisa.

"Ameshikilia," Lumir akasema kwa sauti ndogo. "Bernadine, ameshikilia."

Robo ya kwanza ikatoka chini ya ishirini na mbili, kama alivyoandika. Kwenye kona wale wawili wakaanza kuyumba. Old Tobias akatoka kuwafuata, watu wakalipuka, na hapo ndipo kofia ya njano ilipojitokeza nje ya wote. Mimi sijui mwendo, lakini niliona wengine wanapungua na yeye hapungui. Akampata Old Tobias kwenye waya wenyewe wa kumalizia. Ushindi wa urefu wa shingo.

Uwanja ukanuna. Wakaanza kupita dirishani wanamtupia Lumir karatasi yake. "Mzee, hii nitafungia soseji!" "Nirudishie dola yangu, mchawi wewe!" Karatasi zikamjaa miguuni. Miaka yote ile nilitaka nimwone akipepesa jicho. Sasa alikuwa analia waziwazi, na hajifuti.

Rosalie akaja. Miaka thelathini na moja sasa, jua la kule limemchora pembeni mwa macho. Hakumtazama baba yake. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Shangazi Bernadine. Amecheza ipi?"

"Hakucheza," nikasema. "Alisimama hapa mpaka mashine ikafunga. Hakuweza kutaja namba."

Akavua kofia yake ya njano. Halafu akachomoa karatasi kwenye buti lake, ile ya Lumir, imeloa jasho. "Nimeisoma. Kaandika nikigombana na wale wawili tutakufa pamoja, nikasema hapana. Nikawaacha wakafe."

Lumir akapata sauti yake, na unadhani alisema nini, jamani? Alisema, "Kadi zinaonyesha wewe hungoji. Mara mia mbili na kumi na mbili."

"Kadi zinaonyesha nilivyoamrishwa na wenye farasi, Baba. Wakisema nenda, naenda. Mimi nataka kula. Leo mkufunzi kaniachia nifanye ninavyotaka." Akakunja uso. "Kadi gani?"

"Zako. Ninazo zote. Ila ile miezi kumi." Akamtazama miguuni. "Mguu ulipona vizuri?"

"Mguu gani?"

"Wa themanini na saba. Uliovunjika."

Nikamwona Rosalie anatafuta, anatafuta, halafu akapata. Akakaa juu ya kreti la bia lililokuwa pale, akaweka mikono usoni. Nilidhani anacheka. Labda alikuwa anacheka.

"Ile dawa ya farasi," akasema. "Yesu na Maria! Ile dawa ya farasi ilikuwa ya mguu? Ilinikuta nina mimba ya miezi saba. Nilikaa sakafuni na lile kopo siku nzima. Nikasema baba yangu ananisoma kama mnyama, nina mimba ananiletea dawa ya farasi."

"Ungeniandikia," Lumir akasema.

"Wewe ungeniandikia! Neno moja lisilo na namba! 'Usirudi mapema, L. Kubicek.' Najua wewe ni Kubicek, Baba! Mimi pia ni Kubicek!"

Dirisha la tano na la saba walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Niliwafukuza kwa mkono.

"Ni..." Lumir akaanza, akashindwa.

"Msichana. Anaitwa Marisol. Ana miaka saba. Yuko kwa jirani, shule imefunguliwa."

"Marisol," akasema, polepole, kama anayejaribu daraja kama litambeba. "Anajua kama mimi nipo?"

"Anajua kuna mtu Nebraska."

"Mtu."

"Ningemwambia nini zaidi ya hapo?"

Lumir akaanza kuokota karatasi zilizojaa miguuni pake. Nje lori la farasi likapiga honi; mkufunzi alitaka kuondoka kabla giza halijawakuta barabarani. Rosalie akasimama, akapangusa suruali.

"Sijakusamehe," akamwambia.

"Sijakuomba."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Akageuka. Alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya mlango Lumir alipoita jina lake, sauti imekwaruza, watu wakageuka. "Rosalie! Nakuomba." Hakusema zaidi. Binti akasimama kwa muda, mgongo kwetu. Akarudi, akachukua kalamu yangu, akaandika namba ya simu juu ya karatasi ya baba yake.

"Alhamisi. Saa kumi, saa za kwetu. Nitakuwa nimetoka bandani." Akaondoka, na vumbi la lori likatanda pale nje mpaka liliposhuka.

Alhamisi Lumir akaja kupigia kwangu, ingawa simu anayo. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Tangu saa tisa alikuwa amesimama jikoni ananisumbua miguuni. Ilipofika saa yenyewe akabonyeza namba mara mbili akakosea, yeye, mtu wa namba! Mara ya tatu ikaita. Nikabandika sikio langu upande wa pili wa mkono wa simu, sikuona aibu.

"Haloo?" Ni sauti ya mtoto.

Lumir akafumba macho.

"Haloo! Nani?"

"Lumir," akasema. "Niko... nipo Nebraska."

"Mama hajarudi, farasi mmoja anaumwa. Kasema ukipiga usikate. Mimi nakula, subiri." Tukasikia mkono wa simu unalazwa juu ya meza, huko, mamia ya maili.

Kisha kijiko. Kijiko kinagonga bakuli, kiti kinaburuzwa, mbwa anabweka mara moja anaambiwa anyamaze, mtoto anaimba kidogo huku mdomo umejaa. Dakika tano zikapita. Kumi. Robo saa. Lumir hakuhamisha hata mguu.

"Lumir," nikamnong'oneza, "huko ni mbali, simu inahesabu. Kata, utapiga tena akirudi mamake."

Akaziba simu kwa kiganja, akanitazama kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake.

"Nyamaza, Bernadine," akasema. "Anakula."

Nikaenda nikazima jiko, sufuria isimpigie kelele.